Sura ya Tano: Mji Uliojengwa kwa Mawe ya Makaburi

Msomaji wa Biblia ya Kiswahili anaujua mji huu kwa jina la Thesalonike. Nyaraka mbili za Mtume Paulo ziliandikwa kwa watu wake, na wengi wetu tulikariri jina hilo utotoni, tukipanga vitabu vya Agano Jipya kwa vidole: Wakolosai, Wathesalonike, Timotheo. Kisichokumbukwa sana ni habari iliyo katika Matendo ya Mitume, sura ya 17. Paulo alipofika Thesalonike alikwenda kwanza kwenye sinagogi, akahojiana na Wayahudi kwa Sabato tatu. Kabla mji huo haujawa na kanisa hata moja, Wayahudi walikwishakuwa wenyeji, wakifanya biashara, wakilea watoto na kuzika wafu wao.

Leo mji unaitwa Thessaloniki, ni wa pili kwa ukubwa katika Ugiriki, na umekaa kwenye ghuba kaskazini mwa nchi. Upande wake wa mashariki, nje kidogo ya pale ulipopita ukuta wa kale, kuna Chuo Kikuu cha Aristotle. Ni mtaa mzima wa madarasa, maktaba, maabara na njia za miguu, na wanafunzi wake ni makumi ya maelfu. Chini ya madarasa hayo ndipo yalipokuwa makaburi ya Wayahudi, mojawapo ya maziara makubwa kabisa ya Wayahudi katika Ulaya nzima. Yalichukua takriban mita za mraba 350,000, kama viwanja hamsini vya kandanda vilivyopangwa bega kwa bega. Idadi ya waliozikwa hukisiwa kuwa kati ya 300,000 na 500,000. Mwanzoni mwa mwaka 1942 yalikuwapo. Kufikia masika ya 1943 hayakuwapo tena.

Nataka kusimulia jinsi yalivyoondoka, kwa sababu jibu fupi, kwamba Wajerumani waliyavunja, ni kweli nusu tu.

Waliolijaza eneo hilo hawakuwa wajukuu wa wale waliomsikiliza Paulo. Wengi walitoka mbali zaidi. Mwaka 1492 wafalme wa Uhispania waliwaamuru Wayahudi wote wabatizwe au wahame. Miaka mitano baadaye ikawa zamu ya Ureno. Sultani Bayezid II wa Dola ya Uthmaniya aliwafungulia milango, na maelfu wakateremka katika bandari ya Thessaloniki, ambayo Waturuki waliiita Selanik. Walikuja na kila kilichoweza kubebwa, ikiwamo lugha. Kihispania chao cha karne ya 15 kiliendelea kusemwa sokoni, jikoni na gatini kwa miaka 450. Masinagogi waliyapa majina ya kule walikofukuzwa: Kastilia, Aragoni, Katalonia, Lisboni, Majorka, Sisilia. Waliofukuzwa nyumbani wakaibeba nyumba yao kwa majina.

Walifuma sufu iliyovalishwa majanisari, askari wa sultani. Walianzisha mitambo ya kuchapa vitabu. Miongoni mwao alikuwamo tabibu Mreno aliyefahamika kama Amatus Lusitanus, mmoja wa waganga mashuhuri wa Ulaya ya karne ya 16, aliyehama mji baada ya mji akikimbia dhuluma, na mwishowe akafia Thessaloniki kwa tauni mwaka 1568. Alikuwamo pia rabi Samuel de Medina, ambaye hukumu zake za sheria zilifuatwa mbali na mji huo, aliyefariki mwaka 1589. Wenyewe waliuita mji wao Mama wa Israeli. Wagiriki walipouchukua mkononi mwa Waturuki mwishoni mwa 1912 na kuhesabu watu mwaka uliofuata, walikuta wakazi 157,889. Kati yao Wayahudi walikuwa 61,439, wengi kuliko Waislamu na wengi kuliko Wagiriki wenyewe. Mabepari walikuwapo, ila wengi walikuwa watu wa jasho: wavuvi, wachapaji, wafanyakazi wa viwanda vya tumbaku, na wapakuaji mizigo waliojulikana kwa jina ambalo mtu wa Mombasa au Unguja hahitaji kutafsiriwa: hamali. Jumamosi hamali walipumzika, na bandari nzima ikafunga.

Na si neno hilo peke yake. Kiebrania huliita kaburi *kever*, neno lililo ndugu wa *qabr* ya Kiarabu, ambalo ndilo lililotupa sisi kaburi. Kwenda makaburini kuwaombea wazee, Wayahudi wa Thessaloniki walikuita *ziyara*, kwa kuwa waliishi karne nyingi pamoja na Waturuki. Sisi tunazuru makaburi, wao walikwenda ziyara. Walikwenda kabla ya sikukuu kubwa za mwaka, walikwenda katika siku ya kumbukumbu ya kifo, na walikwenda vilevile nyumba ilipofikwa na ugonjwa au binti alipokaribia kuolewa. Waliwapa habari waliolala. Maskini waliojua kusoma walizungukazunguka humo, na kwa sarafu ndogo wakamsomea dua asiyejua.

Makaburi yao hayakuwa na mawe ya kusimama kama yale ya Wayahudi wa Poland au Ujerumani. Kwa desturi ya Wayahudi wa asili ya Uhispania, jiwe hulazwa. Kaburi lilifunikwa kwa ubao mzito wa marumaru au kwa sanduku refu la mawe, na maandishi yalichongwa juu yake yakitazama mbingu. Marumaru ilikuwa tele. Eneo hilo lilitumika kuzikia tangu zama za Warumi, kwa hiyo waashi walichukua vipande vya kale, wakavigeuza, wakachonga Kiebrania upande wa pili. Mawe yaliwekwa karibu karibu mno, mpaka kutoka mbali yalionekana kama sakafu moja nyeupe inayopanda kilima. Mwanazuoni Isaac Emmanuel, mzaliwa wa mji huo, na rabi Michael Molho walizunguka humo na madaftari wakinakili maandishi, jiwe baada ya jiwe. Nitawarudia hao wawili.

Kwanza yapo mambo mawili ya kuelewa kuhusu kaburi la Kiyahudi. La kwanza ni kwamba ni la milele. Jina mojawapo la makaburi kwa Kiebrania ni *bet olam*, nyumba ya milele, na hilo huchukuliwa kwa maana yake kamili. Aliyezikwa hafukuliwi, mifupa haihamishwi isipokuwa kwa dharura kubwa, na ardhi haigeuzwi kuwa na kazi nyingine hata wajukuu wakisha. Desturi ya Wagiriki wa Kiorthodoksi ni tofauti. Kwao ni kawaida marehemu akae ardhini miaka michache, kisha mifupa ifukuliwe, ioshwe kwa divai na kuhifadhiwa kwingine, kaburi lipewe mwingine. Hakuna desturi iliyo bora kuliko mwenzake. Lakini naona kwamba Mgiriki aliyesema makaburi yahamishwe, aghalabu hakujua uzito wa alichokuwa akiomba. Kwake kilikuwa kitu kinachofanyika kila siku.

La pili ni kwamba ardhi ile ilianza kutamaniwa mapema.

Tarehe 18 Agosti 1917 moto uliotokea jikoni katika mtaa wa juu ulishuka na upepo, ukala katikati ya mji. Watu wapatao 70,000 walikosa makazi, wengi wao Wayahudi. Serikali ikamwita mpangamiji Mfaransa, Ernest Hébrard, achore mji mpya. Katika michoro yake upande wa mashariki ulipangiwa bustani na chuo kikuu, pale pale palipokuwa na makaburi. Mwaka 1923 Ugiriki na Uturuki zikabadilishana watu kwa nguvu. Waislamu wa Thessaloniki wakapelekwa Uturuki, na maziara yao yakamezwa na mji. Mahali pao wakaja wakimbizi Wagiriki kwa makumi ya maelfu, wenye njaa ya nyumba. Mji uliokuwa ukibanwa na ukuta upande wa magharibi wa makaburi sasa ulijaa mpaka mashariki yake, na makaburi yakabaki katikati.

Mwaka 1924 sheria ililazimisha Jumapili iwe siku ya mapumziko kwa wote, na bandari iliyofunga Jumamosi ikawa hadithi. Mwaka 1926 chuo kikuu kikaanza kufundisha, kisha kikapewa jengo lililokuwa shule ya Waturuki, ukingoni mwa makaburi. Kila profesa aliyechungulia dirishani aliona ardhi. Magazeti yakaandika kwamba wafu walikuwa wakiuzuia mji kupumua. Wasomi wa Kiyahudi walijibu kwa hoja: kwamba makaburi hayo ni kumbukumbu ya kihistoria, kwamba mawe yake yana maandishi ya Kirumi na Kigiriki ambayo Ugiriki yenyewe ingepaswa kuyatunza, kwamba nchi inayojivunia mawe yake ya kale isiyavunje ya watu wengine. Hoja hizo zilikuwa nzuri na hazikushinda. Mwaka 1937 jumuiya ya Wayahudi ilikubali kukata sehemu ya eneo na kuipa chuo, ili salio liachwe na amani. Makaburi ya sehemu hiyo yakahamishwa kwa taratibu za dini. Uwanja mpya wa kuzikia ukatengwa Stavroupoli, magharibi mwa mji. Wengi waliamini mambo yamekwisha.

Jeshi la Ujerumani liliingia Thessaloniki tarehe 9 Aprili 1941.

Kwa zaidi ya mwaka mmoja jumuiya iliporwa vitabu, nyumba na maduka, ila makaburi hayakuguswa. Kisha ikaja Jumamosi, tarehe 11 Julai 1942. Wanaume wa Kiyahudi wa umri wa miaka 18 hadi 45, wapatao 9,000, waliamriwa wafike uwanja wa Eleftherias, jina ambalo maana yake ni Uhuru. Walisimamishwa juani kwa saa nyingi bila kofia, wakapigwa, wakabiringishwa ardhini, wakamwagiwa maji walipozimia, huku watu wakitazama kutoka vibarazani. Baada ya hapo maelfu walipelekwa kuvunja kokoto za barabara na kuchimba migodini. Malaria na njaa viliwapukutisha. Viongozi wa jumuiya wakaenda kumwomba Max Merten, mtawala wa kiraia katika jeshi la Ujerumani mjini humo, awakomboe vijana wao kwa fedha. Merten alikubali kupokea fidia ya mabilioni ya drakma. Na katika mazungumzo yale ya kununua walio hai, makaburi nayo yaliwekwa mezani.

Hapa ndipo nusu ya pili ya jibu ilipo. Wajerumani hawakuwa na haja kubwa na eneo lile. Wenye haja walikuwa wenye mji. Madai ya makaburi yalitoka kwa wakuu wa Kigiriki wa eneo, waliokuwa wakiyatamani kwa miaka ishirini, na Merten aliyapitisha. Gavana Mkuu wa Makedonia, Vasilis Simonidis, aliiamuru jumuiya ihamishe makaburi ndani ya muda mfupi usiotosha kitu. Rabi Mkuu Zvi Koretz aliomba kazi isubiri majira ya baridi yapite. Nani angechimba maelfu kwa maelfu ya makaburi katika mvua na baridi, wakati vijana wenye nguvu wako makambini au ndio kwanza wametoka wakiwa mifupa mitupu?

Hawakungojewa. Tarehe 6 Desemba 1942 halmashauri ya mji ilituma vibarua 500 na mitaimbo, nyundo na mapatasi. Familia zilikimbilia kule. Watu walitafuta mawe ya mama na baba zao kati ya mawe yaliyokwishapinduliwa, wakafukua wenyewe, wakabeba mifupa kwa mifuko na masanduku. Waliofanikiwa walikuwa wachache sana. Mzee aliyezikwa mwaka 1560 hakuwa na mtoto wa kumkimbilia. Katika wiki chache eneo lote likawa kama machimbo ya mawe: mashimo wazi, kifusi, mafuvu juu ya udongo, na mirundo ya marumaru iliyopangwa tayari kuchukuliwa.

Nasisitiza neno hilo, kuchukuliwa. Mawe yalikuwa mali. Marumaru nzuri, iliyokwisha kuchongwa na kulainishwa, katika mji wenye vita usio na vifaa vya ujenzi, ilikuwa kama fedha iliyolala njiani. Ilipimwa, ikauzwa, ikagawiwa. Wajerumani walitengenezea bwawa la kuogelea. Mafundi waashi walichukua za kuwekea sakafu, ngazi na vizingiti. Zilitandikwa kwenye nyua na vijia. Zilitumika katika ukarabati wa kanisa la Mtakatifu Demetrio, mlinzi wa mji, lililoungua katika ule moto wa 1917. Mawe mengine yalipinduliwa ili maandishi yasionekane. Mengine hayakupinduliwa hata hivyo, na kwa miaka mingi mtu aliyepita akiangalia chini angeweza kukanyaga herufi za Kiebrania njiani akienda kununua mkate.

Ndiyo maana siwezi kusema kwamba makaburi ya Thessaloniki yalipotea. Kitu kilichopotea hakijulikani kilipo, na mawe haya yanajulikana: yamo ndani ya mji. Mji uliyavunja, kisha ukajijengea kwa hayo hayo.

Miezi miwili tangu nyundo ya kwanza, tarehe 6 Februari 1943, wakaingia Dieter Wisliceny na Alois Brunner, maofisa wa kikosi cha Kinazi cha SS waliotumwa kwa kazi moja. Nyota ya njano ikashonwa kwenye nguo, mitaa ikazungushiwa uzio, na mtaa wa Baron Hirsch, kando ya stesheni, ukageuzwa kuwa zizi la kukusanyia watu kabla ya safari. Treni ya kwanza iliondoka tarehe 15 Machi 1943. Zilifuatana mpaka Agosti, karibu zote kwenda kambi ya mauaji ya Auschwitz-Birkenau. Zaidi ya watu 45,000 walisafirishwa, na wengi mno kati yao waliuawa kwa gesi siku ile ile waliyofika. Vita vilipokwisha, jumuiya iliyokuwa na watu kama 50,000 ilikuwa na wapatao 2,000.

Nimewahi kufikiri mfuatano huo ulikuwa wa bahati tu. Sifikiri hivyo tena. Watu waliokwisha kuona makaburi ya majirani zao yakipondwa wakati wa mchana, na wenye mikokoteni wakipigania marumaru bila aibu, walikuwa wamefundishwa jambo. Walifundishwa kwamba chochote cha Myahudi kinaweza kuchukuliwa na anga lisianguke. Nyumba na maduka ya waliopanda treni yaligawiwa baadaye kwa njia ile ile.

Waliorudi kutoka makambini walikuta wanafunzi wakipita juu ya babu zao. Waliandika barua za kuomba mawe yarudishwe na ardhi ilipiwe. Chuo kikaendelea kujenga. Marumaru iliendelea kutumika hata baada ya Wajerumani kuondoka, jambo ambalo ningependa kila mtu anayewatupia Wajerumani mzigo wote alikumbuke. Merten alirudi Ugiriki mwaka 1957, akakamatwa, akahukumiwa Athens mwaka 1959 kifungo cha miaka 25, na kabla mwaka haujaisha akawa amekabidhiwa Ujerumani Magharibi, akaachiwa huru. Kwa vizazi viwili vitatu vilivyofuata, mtu aliweza kuhitimu chuo kile bila kuambiwa na yeyote amekaa juu ya nini.

Ukimya ulianza kuvunjika mwanzoni mwa karne hii. Wanahistoria kama Mark Mazower na Devin Naar walifungua nyaraka, na mji ukampata meya aliyelisema jambo hilo hadharani, Yiannis Boutaris. Mwaka 2014, mtu wa chama cha mafashisti cha Golden Dawn alipochaguliwa kuingia katika baraza la mji, Boutaris aliapishwa akiwa na nyota ya njano kifuani. Tarehe 9 Novemba mwaka huo, siku ya kumbukumbu ya usiku wa 1938 ambapo masinagogi ya Ujerumani yalichomwa, ulizinduliwa mnara wa kumbukumbu ndani ya uwanja wa chuo. Ulichukua miaka 72 kufika pale. Tangu hapo umekwisha kuvunjwavunjwa na kuchafuliwa na watu wenye chuki zaidi ya mara moja, ukakarabatiwa kila mara.

Lakini kumbukumbu kubwa zaidi inatoka ardhini yenyewe. Desemba 2012 polisi waligundua zaidi ya vipande 600 vya mawe ya makaburi ya Kiyahudi vilivyozikwa kwenye kiwanja kimoja mjini. Vipande vingine hutokea mtu anapobomoa ukuta wa nyumba ya zamani, au mafundi wa halmashauri wanapochimba mtaro wa maji machafu. Vingi hupelekwa Stavroupoli, kwenye makaburi mapya, vikalazwa huko kwenye majani: kona ya ubao, nusu ya ua lililochongwa, jina la kwanza bila la ukoo.

Ndipo narudi kwa Emmanuel na Molho. Wote wawili walinusurika. Emmanuel alikuwa ng'ambo. Alitumika kama rabi katika kisiwa cha Curaçao, kwenye bahari ya Karibi, na huko nako aliinama juu ya makaburi ya Wayahudi waliotoka Ureno akayaandikia kitabu kizima. Kisha akachapisha huko Yerusalemu maandishi aliyoyanakili Thessaloniki kabla ya vita. Ya Molho yalitoka mwaka 1974, yeye akiwa amekwisha kufariki. Walipokuwa wakizunguka na madaftari yao walidhani wanaandika historia ya mawe yatakayoendelea kuwapo. Sasa jiwe likichomolewa ukutani na mistari miwili ya Kiebrania iliyokatika, mtu huifuta chokaa, huisoma herufi kwa herufi, kisha huenda kuitafuta humo vitabuni mistari iliyobaki.